Mwisho wa Wimbo wa Kikatiti

Naserian alilisema mara moja tu, tena huku akimenya ndizi, na visu vyote jikoni vikasimama.

"Mimi sitaingia ukumbini kwa wimbo wa MC. Nitaingia kwa wimbo wa baba."

Ilikuwa Alhamisi. Sendofu yake, sherehe ya kuagwa kwao kabla ya harusi, ilikuwa Jumamosi saa tisa mchana, katika ukumbi ulio chini kidogo ya nyumba yao hapo Moshono, na jiko lilijaa wanawake waliokuwa wakimenya, wakikatakata na kutaniana. Mama yake, Agnela, akaweka kisu chini.

"Wimbo gani, mwanangu? Kanda ile haipo. Iliuzwa. Na aliyeiuza namjua."

Macho yote yakageukia dirishani. Nje, karibu na mbuzi waliofungwa, alikuwa amekaa Lerionka, baba mdogo wa Naserian, mdogo wa marehemu baba yake.

"Nimesikia!" akapaza sauti. "Shemeji, miaka ishirini na tisa unaniita mwizi wa kanda! Mungu anakuona."

"Na wewe anakuona na ile redio mpya uliyonunua mwezi uleule."

"Niliuza ndama!"

"Ndama gani asiyejulikana na mtu?"

Wanawake wakacheka hadi wengine wakapangusa machozi. Nosim peke yake, dada yake Naserian, hakucheka. Aliinamia sufuria akaendelea kuosha mchele ambao ulikwisha takata. Kanda haikuuzwa. Ilikuwa chini ya kitanda chake, ndani ya kopo la maziwa ya unga, na aliyeiharibu ni yeye.

Mwaka ule alikuwa na umri wa miaka saba. Baba yao alipiga gitaa la solo katika bendi ya Sanawari Jazz, na wimbo wake mmoja, "Nisubiri Kikatiti", ulianza kuimbwa na watu mitaani kabla haujasikika popote redioni. Aliutunga kwa ajili ya mkewe. Zamani, wakati wa shida ya sukari, alimwahidi Agnela, msichana wa Kimeru, kwamba angefika Kikatiti asubuhi kujitambulisha kwa wazazi wake, na angefika na kilo mbili za sukari. Sukari akaikosa mjini. Basi nalo likakwama kwenye matope ya Usa River, abiria wakashuka kulisukuma, na yeye akafika jua linazama, viatu vimejaa udongo, mkononi ana gitaa tu. Agnela alikuwa bado amekaa palepale stendi. Mambo hayo yote yaliingia kwenye wimbo, na kila aliyeusikia alidhani ametungiwa yeye, maana nani wakati ule hakupanga foleni ya sukari, na nani hakuwahi kusukuma basi?

Bendi ilirekodi wimbo huo mchana mmoja katika chumba cha nyuma cha duka la mzee Huzefa, karibu na Soko Kuu. Ikatoka kanda moja. Baba yao akavunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo juu ya kanda, ili mashine ikatae kurekodi kitu kingine juu yake, kisha akaandika kwa kalamu nyekundu: MASTA, yaani kanda mama.

Sasa Nosim alikuwa mtoto wa kupenda salamu. Redio iliposoma kadi za salamu jioni, yeye alisimama mbele yake akiigiza kila neno. Alitaka kuwa mtangazaji, si kingine. Tena alikuwa amewaona vijana wa bendi wakisokota karatasi na kuziba matundu ya kanda zilizovunjwa vijino, na mashine ikakubali kurekodi. Siku moja mama akiwa kwenye mazoezi ya kwaya na baba ametoka kidogo kwa jirani, Nosim akachukua kanda iliyokuwa karibu, akasokota karatasi, akaziba, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Akatangaza. Katikati ya matangazo akasikia hatua za baba uani. Akakimbia kwa mlango wa nyuma, akajificha migombani, mbali ambako sauti za nyumbani hazikufika, mpaka alasiri. Hakusikia mtu akimwita. Akashukuru kwamba baba hakugundua kitu.

Kesho yake baba akasafiri na bendi, na wiki mbili baadaye gari lao lilipinduka njia ya Babati, akafa.

Siku ya tatu baada ya mazishi aliichomoa kanda kutoka kwenye redio kaseti, akasoma ile MASTA kwa kalamu nyekundu, akaelewa. Tangu siku hiyo hakuwahi kuisikiliza. Aliogopa kusikia sauti yake ya kitoto imekaa mahali pa sauti ya baba.

Kwao hata jina la baba lilizikwa. Koko, yaani bibi yao mzaa baba, alishika desturi ya Waarusha wa zamani kwamba aliyekufa hatajwi jina. Aliitwa Baba Nosim, au "yule wa gitaa". Agnela alimheshimu mama mkwe wake na kunyamaza, na watoto waliandikishwa shule kwa jina la ukoo, Mollel. Naserian, aliyezaliwa miezi minne baada ya msiba, aliliona jina la baba yake kwenye cheti cha kuzaliwa. Hakuwahi kulisikia likitamkwa, wala hakuwahi kuisikia sauti ya mwenye nalo. Na sasa alitaka kitu kimoja tu kabla ya kuondoka nyumbani.

Ijumaa saa mbili asubuhi Nosim alikuwa mlangoni kwa mzee Huzefa, kanda iko kwenye mkoba. Duka siku hizi lilikuwa la chaja na makava ya simu, lakini mzee alikuwa yuleyule, ila ndevu zimekuwa nyeupe na kofia yake ya dhahabu na nyeupe imeshuka karibu na masikio.

"Shikamoo mzee Huzefa."

"Marahaba, mama. Simu imekufa?"

"Hapana, mzee. Nauliza wimbo. Wa zamani sana. ‘Nisubiri Kikatiti’."

Mzee akavua miwani. Akamtazama Nosim paji la uso, akamtazama pua.

"Wewe ni wa yule wa gitaa."

"Ndiyo."

"Jina lake nalijua, lakini na desturi ya kwenu naijua pia. Mimi nimezaliwa hapahapa." Akatikisa kichwa. "Wimbo huo sina, mama. Tulimaliza kurekodi, nikasema sasa nitoe nakala tuuze, yeye akasema hapana, mwisho wake haujakaa sawa. Akaondoka na kanda. Nikamwambia, bwana, niachie hata nakala moja. Akasema Jumatatu." Mzee akavaa miwani tena. "Alikuwa na Jumatatu nyingi, yule."

Tumaini lake lote lilikuwa hapo. Akafungua mkoba, akaweka kanda juu ya kioo cha kaunta.

"Basi ndiyo hii. Lakini nilirekodi juu yake."

Mzee Huzefa akaiinua kwenye mwanga, akaona vile vikaratasi vilivyosokotwa, vimekuwa rangi ya chai.

"Nani kaweka haya?"

"Mimi. Nilikuwa na miaka saba."

"Ulirekodi dakika ngapi?"

"Sijui. Tatu, nne. Halafu nikakimbia."

"Mashine uliizima?"

Nosim akafungua mdomo. Miaka yote hiyo swali hilo halikuwahi kumjia. "Sikuizima."

"Basi imekula upande mzima," mzee akasema taratibu. "Lakini tusikilize. Mtu hazikwi kabla hajapimwa."

Utepe ulikuwa umeganda. Mzee alifungua skrubu tano ndogo, akahamishia magurudumu kwenye ganda jipya, akausogeza utepe kwa penseli, akaufuta kwa pamba yenye spiriti, sentimita kwa sentimita. Ilimchukua karibu saa mbili, wateja wakija na kuambiwa wasubiri. Mwishowe akaiweka kwenye mashine yake ya zamani, akaunganisha na kompyuta, akabonyeza.

Mkwaruzo mrefu wa utepe mtupu. Halafu sauti kali ya kitoto ikapasua spika:

"Wasikilizaji wapenzi! Huyu ni mtangazaji wenu Nosim, nikiwa hapa Moshono, chumbani! Salamu za kwanza zimfikie mama yangu, yuko kwaya! Salamu za pili zimfikie mbuzi wetu mwenye pembe moja! Salamu za tatu zimfikie baba yangu, nasema baba, usisafiri tena na bendi kabla hujaniletea viatu! Na wimbo anaochagua ni..."

Kimya. Miguu midogo ikikimbia. Mlango ukagonga.

Nosim alifunika uso. Mzee Huzefa alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Mbuzi mwenye pembe moja!" Kisha sauti zikaisha, ukabaki mvumo, na mahali fulani mbali kuku akilia. Dakika moja. Mbili. Mzee akanyoosha kidole kuelekea kitufe.

"Acha, mzee. Iache iende."

Hatua zikaingia. Nzito. Kiti kikalia. Mwanamume akakohoa.

"Eh! Mtangazaji ametoroka studio."

Nosim alishika kaunta kwa mikono miwili.

"Kanda gani hii sasa..." Kitu kiligongwa, pengine kidole juu ya kioo cha redio. "Aa. Masta. Masta yenyewe." Kimya kirefu, kirefu mno. Halafu mtu yule akacheka. Hakikuwa kicheko cha kujikaza. Kilitoka tumboni, kikapanda, kikarudi tena. "Haya, mtangazaji Nosim. Salamu zako nimezipata. Ni mimi baba yako, Lemomo, mpiga gitaa la solo wa Sanawari Jazz. Wimbo umeufuta, na sina ugomvi na wewe, maana mwisho wake ulikuwa unaninyima usingizi. Najua uko migombani. Sikuiti, nikikuita utalia. Kaa hukohuko usikilize, nitaupiga upya."

Gitaa likaanza.

Lilikuwa peke yake, bila ngoma, bila bezi, bila tarumbeta, lakini liliruka kama lina watu kumi nyuma yake. Kuku naye hakunyamaza. Na sauti, ile sauti aliyodhani ameifuta duniani, ikaingia:

"Nisubiri Kikatiti, mama we, nisubiri,
basi limekwama Usa, tunalisukuma kwa mabega,
sukari nimeikosa, nimekuletea gitaa,
nisubiri Kikatiti, jua lisikuchoshe."

Mzee Huzefa aliinuka. Aliongeza sauti mpaka mwisho. Mteja aliyekuja kununua kava akasimama mlangoni na simu yake uchi mkononi. "Mzee, huu wimbo unapatikana wapi?" Mzee akampungia mkono anyamaze. Nosim hakujua analia saa ngapi na anacheka saa ngapi. Miguu yake ilikuwa inacheza yenyewe juu ya sakafu ya saruji.

Halafu ukafika mwisho. Gitaa likapanda juu, na baba akaanza kuita majina, kama waimbaji wa dansi wanavyoita wenzao jukwaani. Ila yeye hakuita mtu wa bendi hata mmoja.

"Agnela wa Kikatiti, umechoka kusubiri, inuka! Mama yangu, inuka! Lerionka, weka chini hiyo fimbo, njoo! Nosim mtangazaji, toka migombani! Na wewe uliye tumboni, jina lako sijalijua, njoo na wewe! Lemomo anawaita! Lemomo anawaita, njooni!"

Utepe ukafika mwisho, mashine ikajizima. Tak.

"Ameupata," mzee Huzefa akasema, akifuta miwani kwa shati. "Mwisho wake. Ameupata, na mimi hakunirudia kuniambia."

Akanakili yote kwenye flashi. Kabla hajaichomoa, akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, mahali mistari ya sauti ilipoinuka kama vilima.

"Hapa, hapa na hapa ametaja jina. Bibi yako yuko hai bado?"

"Yuko hai. Atakaa mstari wa mbele."

"Nikate? Ni sekunde mbili tatu tu, hakuna atakayejua."

Nosim aliwaza kuhusu Koko, aliyezika mtoto wake na jina lake siku moja. Akawaza kuhusu Naserian. Kisha akachukua flashi.

"Hapana, mzee. Nilishamfuta mara moja. Nitamuuliza Koko mwenyewe."

Usiku kucha hakupata nafasi ya kumwona mama yake peke yake, na Jumamosi asubuhi ilikwisha kwa maua, viti na mafuta ya kupikia yaliyokuwa yamepungua. Ilikuwa saa nane na nusu alipombana Agnela nyuma ya ukumbi, kwenye masufuria ya pilau. Akamweleza kila kitu bila kupumua: karatasi, vitufe, kopo la maziwa, mzee Huzefa.

Agnela alimsikiliza akiwa ameshika mwiko. Nosim alipofika kwenye "Agnela wa Kikatiti, inuka", mwiko ukaanguka.

"Iko wapi?"

"Mama, kwanza nisamehe..."

"Nitakusamehe kesho, leo nina wageni! Iko wapi?"

"MC Stanley ameiweka kwenye mashine yake."

"Miaka ishirini na tisa," Agnela akasema, mkono kifuani. "Na mimi nimemkalia Lerionka shingoni."

"Nimesikia!" ikatoka sauti nyuma ya turubai. Lerionka akajitokeza na sahani ya nyama, macho yamemtoka. "Nimesikia kwa masikio yangu! Nilisema mimi! Ndama wangu alikuwa wa kweli!"

"Shemeji, nisamehe."

"Nitakusamehe kesho," akajibu Lerionka, akatafuna. "Leo natembea ukumbini nimenyoosha kichwa."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Upande wa bwana harusi, watu wa Machame, walikuwa wameketi na suti zao wakitazama saa. Koko alikuwa mbele kabisa, shuka jipya, ushanga wa shingoni tabaka tatu, fimbo magotini. Nosim akapita mbele ya macho ya wote, akainamisha kichwa. Koko akakigusa kwa kiganja kikavu.

"Koko, Naserian anaingia na wimbo wa yule wa gitaa. Umepatikana. Ni sauti yake."

Uso wa bibi haukubadilika. Mkono tu ndio ulibaki juu ya kichwa cha Nosim, haukuondoka.

"Lakini ndani yake jina linatajwa. Ukikataa, Koko, nitamwambia Stanley asipige. Hakuna atakayekasirika."

"Nani analitaja?"

"Yeye mwenyewe."

"Mwenyewe? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, Koko."

Bibi akatazama mbele, kwenye mlango ambao Naserian angeingilia. Alitazama muda mrefu hadi Stanley, kule kwenye mashine, akaanza kumpungia Nosim mikono kwa wasiwasi.

"Mimi nilikataza sisi," Koko akasema hatimaye. "Yeye sikumkataza. Mtu na jina lake, nani atamzuia?"

Nosim hakutembea kurudi, alikimbia. Akamwonyesha Stanley kidole gumba. Stanley akashika kipaza sauti: "Mabibi na mabwana, simameni! Leo bibi harusi mtarajiwa anaingia akipokewa na baba yake!" Watu wakatazamana, maana kadi ilisema baba ni marehemu.

Spika mbili kubwa, zikianzia pale matangazo ya mtoto yalipoishia, zikavuma utepe mtupu, kisha: "Eh! Mtangazaji ametoroka studio."

Mlangoni, Naserian alisimama ghafla katika gauni lake la rangi ya machungwa. Dada yake alikuwa hajamwambia. Alisikia kicheko, akasikia jina ambalo alilijua kwa wino tu, akashika mkono wa mama yake kwa nguvu. Gitaa likaanza na Agnela, ambaye tangu asubuhi alilalamika kiuno, akaanza kuyumba hatua mbili mbele moja nyuma, mtindo wa zamani, bega la kushoto likitangulia. Wanawake wa umri wake wakapiga vigelegele na kumfuata. "Basi limekwama Usa!" akaitikia mzee mmoja wa Machame, suti na yote. "Mimi nilikuwemo kwenye lile basi! Si hilo, lakini la namna hiyohiyo!" Naye akasukuma hewa kwa mabega, na watu wa upande wa bwana harusi wakaungana naye, wakisukuma basi lisiloonekana katikati ya ukumbi.

Lerionka alikuwa anacheza na sahani.

Ulipofika mwisho, majina yalipoanza kuitwa, ukumbi ukapungua kelele wenyewe. "Agnela wa Kikatiti, inuka!" Agnela tayari alikuwa amesimama, akainua mikono. "Mama yangu, inuka!" Nosim akageuka.

Koko alikuwa ameweka fimbo sakafuni. Alikuwa anajiinua kwa kushika kiti cha pembeni yake, polepole, akikataa mikono ya watu waliotaka kumsaidia. Akasimama. Ushanga ukaruka mara moja juu ya mabega yake, kisha mara ya pili, kama wasichana wa Kiarusha wanavyocheza, na yeye ana zaidi ya miaka themanini.

"Na wewe uliye tumboni, jina lako sijalijua, njoo na wewe!"

"Naserian!" bibi harusi akapiga kelele kuielekea spika, kwa nguvu zote, rangi za uso zikimchuruzika mashavuni. "Naitwa Naserian, baba!"

"Lemomo anawaita! Lemomo anawaita, njooni!"

Tak.

Ukumbi ukalipuka. Stanley akashika kipaza sauti kuendelea na ratiba, akaanza kusema kuhusu keki na wazazi wa upande wa pili. Koko akamnyooshea fimbo aliyokwisha iokota.

"Nosim."

"Naam, Koko."

"Mwambie arudie."

Nosim hakuuliza ni nani wa kuambiwa. Alikwenda kwa Stanley, na wimbo ukarudiwa, kisha ukarudiwa tena, kuku na yote, hadi watu wa Machame wakaujua na kuitikia. Pilau ilipoa kwenye masufuria. Lerionka alisema ndiyo pilau tamu kuliko zote alizowahi kula hapo Moshono, na Agnela, kwa mara ya kwanza, hakumbishia.